Sukari Iliyozidi Maji

Tunaandika haya mume na mke, tukiwa tumekaa meza moja, kwa sababu jambo lenyewe lilitupata sote wawili. Ni habari ya biskuti za Krismasi na sukari ya kuzipambia. Wale wenye watoto wengi chini ya paa moja, na hasa wanaolea mtoto wasiyemzaa, huenda wakapata humu neno la kuwafaa.

Mwezi Julai mwaka 2022 tulimpokea mtoto wa kike wa miaka minane hapa kwetu Morogoro. Mama yake, aliyekuwa mdogo wa mmoja wetu, alikuwa amefariki dunia. Tayari tulikuwa na watoto wetu wawili, wa kiume wa miaka 11 na wa kike wa miaka tisa. Tulidhani kwamba chakula kikiwapo, kitanda kikiwapo, na sare za shule zikipatikana, mengine yatakuja yenyewe.

Hayakuja. Kwa miezi mitano mtoto yule hakutuita mama mkubwa wala baba mkubwa. Akiwa na shida alisimama karibu yetu, akangoja mpaka tumtazame. Tukitandika kitanda tulikuta chini ya mto wake kipande cha mkate, au nusu ya chapati iliyokauka. Binti yetu naye alianza kunung'unika kwamba chumba chake kimechukuliwa. Ilipofika Desemba, tulikuwa tumekwisha kuzungumza usiku, kwa sauti ya chini, kama isingekuwa heri tumrudishe kijijini kwa bibi yake. Tulikubaliana kwamba tungempigia bibi simu baada ya sikukuu.

Mwaka ule hatukusafiri, kwa kuwa nauli ya watu watano ilitushinda. Badala yake tuliwaahidi watoto kuoka biskuti na kuzipamba wenyewe. Jioni ya Jumamosi, tarehe 24, tukawasha jiko. Oveni hatuna, tunaoka kwa sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, makaa machache chini yake na mengine juu ya mfuniko. Tulichanganya unga wa ngano gramu 400, majarini gramu 200, sukari gramu 150, yai moja, chumvi kidogo na vanila. Watoto walikata donge kwa mdomo wa glasi, nasi tukaoka kidogo kidogo, kila safari dakika 12 hivi, mpaka kingo zilipogeuka rangi. Kisha tukazitandaza kwenye sinia zipoe. Hili msilifanyie haraka: biskuti ikiwa na joto, sukari itayeyuka na kutiririka pembeni.

Kwa mapambo tulikuwa tumenunua mjini nusu kilo ya sukari ya unga, ile inayoitwa aisingi. Kanuni yake ni nyepesi. Kwa vikombe viwili vya sukari hiyo, tia vijiko viwili vya mezani vya maji, kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu, na matone ya vanila. Koroga. Ikiwa bado ngumu, ongeza maji kwa kijiko cha chai, kimoja kimoja. Inapodondoka taratibu kutoka kwenye kijiko, na mchirizi wake ukakaa kama sekunde kumi kabla ya kuzama, inafaa kutandazwa juu ya biskuti. Ya kuchora mistari na herufi iwe nzito zaidi. Wengine hutumia ute wa yai bibi. Sisi tumeuacha, kwa kuwa yai lisilopikwa laweza kuwa na vijidudu vya kuharisha, na hapa walaji ni watoto. Maji na ndimu vyatosha.

Tulimimina nusu kilo yote bakulini, tukatia maji kidogo, tukatoka wote wawili kuangalia makaa. Tuliporudi, mtoto yule alikuwa ameshika mwiko, na kikombe kizima cha maji kilikuwa kitupu mkononi mwake. Bakuli lilikuwa na maji meupe, mepesi kama maziwa.

Mmoja wetu alifoka. Hatutasema ni nani, maana yule mwingine alinyamaza, na kunyamaza kule hakukuwa na nafuu. Maneno yaliyotoka ni haya: "Umeharibu! Kila kitu unaharibu!" Binti yetu akaanza kulia. Kijana wetu akasema kwamba maduka ya mjini yamekwisha kufungwa. Katika ghasia ile hatukuona mtoto ametoka saa ngapi.

Tulimkuta chumbani, ameketi sakafuni karibu na mlango. Alikuwa ametoa madaftari kwenye mkoba wake wa shule na kupanga humo magauni yake mawili na kanga ya marehemu mama yake. Akatutazama, akauliza, "Naondoka leo au kesho?"

Basi alikuwa ametusikia, siku zile tulizodhani watoto wamelala.

Tulikaa chini pale pale sakafuni, mmoja huku na mwingine huku. Hatukuwa na maneno mazuri. Tulimwambia kwamba haondoki, si leo wala kesho, na kwamba sisi ndio tuliokosa. Tukamwomba msamaha. Baadaye tukamwuliza kwa nini alitia maji. Akajibu, "Ilikuwa na madonge. Mama alisema uji ukiwa na madonge, ongeza maji ukoroge." Hakuwa akiharibu kitu. Alikuwa akifanya kama mama yake alivyomfundisha, naye alikuwa na haki, ila sukari si uji. Unga wa uji hunywa maji ukavimba. Sukari huyeyuka ndani ya maji, na kijiko kimoja tu chaweza kugeuza rojo nzito kuwa nyepesi. Hatukuwa tumemweleza hilo.

Tukarudi jikoni wote watano. Jambo ambalo mmoja wetu alikuwa analijua tangu zamani, na hasira ikamsahaulisha, ni kwamba sukari iliyozidi maji haimwagwi. Huongezwa sukari. Ya unga haikuwapo, lakini ya kawaida ilikuwapo kwenye kopo la chai. Tukaosha kinu, tukakikausha vizuri karibu na makaa, tukatwanga kikombe kimoja na robo cha sukari, watoto wakipokezana mchi. Tuliichekecha kwa chujio la chai, na chenga zilizobaki zikarudi kinuni. Ilichukua karibu saa nzima, na kila mmoja alikuwa mweupe mpaka kwenye kope.

Sukari ya unga ya dukani huchanganywa na wanga kidogo wa mahindi ili isigande. Huo hatukuwa nao, lakini tulikuwa na unga wa kastadi, ambao kwa sehemu kubwa ni wanga huo huo. Tukatia kijiko kimoja cha mezani. Kisha tukachota vijiko vitano vya mezani kutoka katika yale maji meupe, tukavikoroga na sukari tuliyotwanga. Ikawa rojo nzito, laini kiasi, ya manjano hafifu kwa ajili ya kastadi. Sehemu moja tuliigeuza waridi kwa matone ya maji ya bitiruti iliyokwaruzwa na kukamuliwa. Maji matamu yaliyobaki tuliyatia kwenye chupa, tukayatumia katika chai na juisi ya ukwaju mpaka yakaisha. Hakuna kilichomwagwa.

Vifaa vya kuchorea hatukuwa navyo. Tulikunja karatasi ya kuokea kama muuza karanga anavyokunja yake, tukakata ncha kidogo. Watoto walichora nyota, misalaba na majina. Binti yetu aliandika jina la kila mtu wa nyumba, na tulipohesabu tulikuta watano. Hakuna aliyemwagiza.

Mtoto yule alichora biskuti moja tu kwa muda mrefu. Ilikuwa na jina la mama yake. Akauliza kama inaweza kuwekwa pasipo kuliwa. Tuliiweka kabatini kwenye kisosi. Asubuhi, kabla ya kwenda ibadani, tulipoomba pamoja tulimtaja mama yake kwa jina, mara ya kwanza mbele ya mtoto tangu mazishi. Tulikuwa tumelinyamazia jina lile tukidhani tunamkinga na huzuni.

Hatutaki kuwadanganya kwamba mambo yote yalinyooka usiku ule. Mkate uliendelea kukutwa chini ya mto mpaka karibu na Pasaka. Tuliacha kuutoa kwa siri, tukampa kopo lenye mfuniko aweke chakula chake, asije akasumbuliwa na sisimizi. Siku moja kopo lilirudi jikoni, limeoshwa. Watoto wa kike waligombana tena juu ya chumba, na hata leo hugombana, lakini kama ndugu wagombanavyo. Bibi tulimpigia simu kama tulivyopanga, ila ilikuwa kumtakia heri ya mwaka mpya, na mjukuu wake ndiye aliyezungumza muda mrefu kuliko sisi. Neno "mama mkubwa" lilikuja Februari, kwa sababu ya kiatu kilichopotea.

Kila Desemba tunaoka tena. Siku hizi sukari ya unga hununuliwa mapema, lakini watoto hudai kutwanga, na hudai ile ya manjano. Nasi tunapokoroga, kijiko cha maji tunamkabidhi yeye. Hutia kimoja, hukoroga, hutazama, ndipo hutia kingine.