Picha Linalosimulika

Kwetu Ngara, picha zuri lilikuwa lile ambalo aliyelitazama aliweza kumpa asiyelitazama. Hiyo haikuwa nadharia ya mtu yeyote, yalikuwa mambo ya mfukoni tu. Kiingilio cha banda la video wengi hatukuwa nacho, kwa hiyo tulichanga sarafu, tukamwingiza mmoja wetu, na waliobaki tukapiga chabo kwenye matundu ya turubai mpaka mwenye banda atumwagie maji. Kesho yake, njiani kwenda kisimani, mjumbe wetu alitulipa kwa bidhaa ileile aliyonunua: picha zima, tangu steringi anapokorofishwa hadi bosi wa maadui anapopatikana.

Mjumbe hakuchaguliwa kwa urafiki wala kwa ubabe. Binamu yangu mmoja alipewa nafasi akatuletea vipande: gari limelipuka, mtu kaanguka kutoka ghorofani, mwanamke analia. Kaangukaje? Hajui. Analilia nini? Hakuangalia vizuri. Huyo hakutumwa tena. Aliyetumwa kila mara alikuwa mtoto mwembamba, hodari wa kukariri, ambaye darasani walimu hawakumwona wa maana. Yeye alijua nani ni ndugu ya nani, nani alimsaliti nani, na bunduki ilifichwa wapi kabla ya kuhitajika. Nikisikia leo wataalamu wakieleza muundo wa filamu, namkumbuka yeye.

Mabanda yenyewe yalikuja na watu. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja, na Benaco, ambako kabla ya hapo kulikuwa na barabara na pori, pakageuka kuwa mahali penye watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania. Baadaye Warundi nao wakajaa Lukole. Magari ya mashirika yakaja, jenereta zikaja, fedha ikaanza kuzunguka, na mahali penye jenereta na watu wasio na la kufanya jioni hapakosi deki ya video. Kumbuka kwamba Tanzania Bara ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuwa na televisheni: ITV ilianza kurusha matangazo mwaka huohuo wa 1994, nayo ilionekana Dar es Salaam, mbali na sisi kuliko Kigali na Bujumbura. Sisi tulikuwa na redio. Watu wazima walikuwa wakiacha shughuli zao kusikiliza Twende na Wakati ya Radio Tanzania, wamjadili Mkwaju, yule dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, kana kwamba ameegesha pale Kabanga anasubiri kuvuka kwenda Burundi. Mchezo ule uliandikwa kufundisha uzazi wa mpango na kinga ya Ukimwi. Nina hakika wengi walifundishika kwa sababu walitaka kujua Mkwaju atakamatwa lini.

Watu wa rika la baba yangu walikuwa na sinema yao ya zamani, ile ya gari la serikali lililokuja, likatundika shuka jeupe, likaonyesha kilimo bora na usafi wa choo, likaondoka. Wakati mwingine liliambatanisha kisa. Tangu ukoloni waliotengeneza picha hizo waligundua kwamba choo hakitazamwi bila kisa. Rashidi Kawawa, kabla hajawa Waziri Mkuu, aliigiza katika Muhogo Mchungu, picha la 1952 kuhusu mshamba anayeingia mjini Dar es Salaam na kukutana na wajanja. Mpango wa kisa hicho ni wa kale kuliko sinema yenyewe. Bibi yangu alikuwa nacho kwa Kihangaza, ila mshamba wake alikuwa fisi.

Nilipokwenda sekondari ya bweni Biharamulo nilikuta biashara ileile imepanda daraja. Safari yenyewe ya kufika shuleni ilikuwa na kisa: mabasi yalikusanywa, polisi wenye silaha wakapanda, ndipo tukaingia porini kwa msafara, maana watekaji walikuwa hawachezi. Abiria wote walinyamaza mpaka miti ipungue. Tukifika, mji ulikuwa umetulia chini ya Boma la Wajerumani lenye kuta nene, na usiku taa za bweni zikizimwa ilianza sauti ya jamaa mmoja wa Nyakahura.

Yule bwana alitusimulia Commando kwa usiku mbili. Kwa asiyelijua: ni picha la 1985, Arnold Schwarzenegger ni komandoo mstaafu anayeishi milimani na binti yake, wabaya wanamteka binti ili kumlazimisha baba akaue rais wa nchi fulani, baba anaruka kutoka kwenye ndege, na kuanzia hapo saa inahesabu. Ukitaka kujua kwa nini picha hili lilipendwa toka Kampala hadi Lubumbashi, angalia jinsi lilivyofungwa: mtoto mmoja, saa chache, orodha ya watu wa kuwafikia mmoja baada ya mwingine. Hata mtu aliyesinzia katikati anaamka na kujua tumefika wapi. Jamaa wa Nyakahura alikatisha usiku wa kwanza pale Arnold anaporuka, akasema atakayetaka kujua kama alifika chini salama alete sukari. Sukari ilipatikana.

Miaka ikapita, nikalitazama picha lenyewe Mwanza, kwenye televisheni ya mwenyeji wangu. Lilikuwa zuri, lakini lilinipunja. Katika simulizi ya bwenini, mama wa yule binti alikuwa na historia ndefu na mkuu wa maadui. Kwenye picha mama hayupo kabisa. Msimuliaji wetu aliona pengo akaliziba. Alikuwa ameuliza swali ambalo kila msikilizaji wa Biharamulo angeuliza: mtoto huyu mama yake yuko wapi?

Vitabu vilikwenda kwa sheria hiyohiyo. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa walipita kitanda hadi kitanda mpaka karatasi za mwisho zikachanika, na aliyesoma mapema akawa ndiye karatasi za mwisho. Kwa kweli mwisho mmoja wa Joram Kiango niliousikia bwenini sijaukuta katika kitabu chochote tangu hapo.

Halafu wakaja watafsiri. Waganda walikuwa na mtindo huo Kampala tangu mwishoni mwa miaka ya 1980: mtu anakaa na kipaza sauti, anaeleza picha la Kizungu au la Kichina kwa Kiganda huku linaendelea. Kwetu jina kubwa lilikuwa Lufufu, yaani Kapteni Derek Mukandala, ambaye mikanda yake ilisafiri kutoka Dar es Salaam hadi vibanda umiza vya mipakani. Baadaye akaja DJ Mack, na kutoka Kenya DJ Afro na vichekesho vyake. Wasomi waliwacheka. Mwalimu wangu mmoja wa Kiingereza alisema wanaharibu sanaa za watu, na tukiongeza kwamba wenye picha hawakulipwa senti, hoja yake ina uzito.

Lakini mtazame mtafsiri kazini. Mwigizaji ananyamaza, anatazama dirishani; mkurugenzi kakusudia tuhisi upweke. Mtafsiri haruhusu. Anasema: hapa anamkumbuka kaka yake, yule aliyeuawa mwanzoni, na sasa ameapa. Sekunde kumi za kimya zimegeuzwa kuwa kiapo, na kiapo kinakudai uendelee kukaa kwenye benchi. Anawapa wabaya majina ya kwetu, anakumbusha nani ni nani baada ya jenereta kuzimika na kuwashwa, anamwonya steringi kuhusu mlango wa nyuma. Hata picha lisilo na kisa cha kueleweka lilitoka mikononi mwake likiwa nacho. Steringi hafi, tulisema, na tulilipa kiingilio huku tukilijua hilo. Utamu ulikuwa kwenye njia anayopita asife.

Bongo Movie ilipoanza kushika kasi, mwaka 2003 na Girlfriend ya George Tyson, kisha Steven Kanumba na wenzake, tulidhani sasa visa vitakuwa vyetu moja kwa moja. Kwa muda vilikuwa. Uliponunua kanda au CD ya Kanumba kwa fedha yako ya sabuni, ulitoka na kitu cha kusimulia: mke aliyefichwa, ndugu aliyeroga, daktari aliyejua siri. Kilichoharibu ni hesabu. Picha moja likauzwa kama sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, CD mbili badala ya moja, na kisa cha saa moja kikavutwa hadi saa tatu. Ndiyo asili ya yale mageti yanayofunguliwa polepole, gari likaingia, likapaki, mtu akashuka, akafunga mlango, akatembea hadi sebuleni, akakaa, ndipo akasema "shikamoo". Watazamaji wa Ngara hawakuandika makala ya uhakiki. Walirudi tu kwa Jumong na Prison Break. Tamthilia ile ya Kikorea ya 2006 kuhusu mwana wa mfalme asiyejua yeye ni nani ilikaliwa macho usiku na watu wasiojua Korea iko wapi, na Michael Scofield, aliyejichora ramani ya gereza mwilini, alisimuliwa kwenye vijiwe vya bodaboda kana kwamba alifungwa Butimba. Kanumba alifariki Aprili 2012, na pamoja na huzuni ile niliona watu wakianza kutaja visa vyake, si magari yake.

Sasa kibanda umiza kimebaki cha mpira zaidi. Picha linaingizwa kwenye flashi au kadi ya simu pale unapochajisha, na kila mtu anatazama peke yake, kichwa kimeinama. Nilitegemea usimuliaji ungekufa hapo. Badala yake, pale Nyakanazi, nikisubiri gari la Biharamulo, nilimkuta kijana wa bodaboda amevaa spika za masikioni anasikiliza mtu akisimulia picha zima kwa dakika kumi kwa Kiswahili, vipande vya picha vikipita kwa chini. Nilimuuliza kwa nini asilitazame lenyewe. Akanijibu kwa heshima zote, "Mzee, lenyewe lina maneno mengi." Yule mtoto mwembamba wa kisimani amepata mamilioni ya wasikilizaji, na bado hakuna anayemlipa mwenye picha.

Kuna picha zinazomshinda hata huyo msimuliaji wa simuni. Avengers: Endgame ya 2019 ilikuwa ya 22 katika mfululizo wake, kuieleza unahitaji kwanza kueleza nyingine zilizotangulia, na katikati ya maelezo gari limeondoka. Na ziko zinazokataa kwa makusudi. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021 na kupelekwa na Tanzania kuwania Oscar, ni filamu nzuri kwa macho kuliko zote tulizowahi kutengeneza, kwa maoni yangu. Riwaya ya Adam Shafi iliyoizaa ina mbio, magereza, mapenzi, wapelelezi wa kikoloni. Niliwahi kuisimulia safarini kuanzia Kahama na jirani yangu akakataa kulala. Filamu niliitazama mara mbili, na mpwa wangu aliponiuliza inahusu nini nilimwambia, "Yasmin anaikimbia ndoa, halafu..." nikaishia kumweleza rangi ya bahari. Sisemi hivyo kuidharau. Naona tu kwamba ni kitu kingine, cha kukaa nacho mwenyewe.

RRR nayo ilisimulika bila jasho. Mwaka jana mpwa huyohuyo alikuja nayo kwa simu, picha la Kihindi la 2022 lenye ngoma, moto, chui, saa tatu nzima, tukaliunganisha na televisheni nyumbani. Mama, ambaye Kiingereza hajui na Kihindi ndiyo kabisa, alikaa nasi akichambua maharage. Aliona gavana Mwingereza anafika kijijini, mke wake anampenda binti mdogo kwa kipaji chake cha kuchora, wanamchukua kama mtu anavyochukua kikapu sokoni. Kuanzia hapo hakuuliza lingine: wamemrudisha? Wanaume wawili walicheza, wakapigana, wakabebana mabegani. Mama alisubiri. Aliporidhika kuhusu mtoto alikwenda kulala, na mpwa wangu akalalamika kwamba Bibi ameacha sehemu bora.

Asubuhi nilimsikia nyuma ya nyumba akilieleza picha hilo kwa jirani, kwa Kihangaza. Lilikuwa fupi sana na halikuwa na ngoma. Mto wa huko India ulikuwa Ruvubu, na yule kijana wa porini aliyemfuata mtoto alikuwa mjomba wake, jambo ambalo kwenye filamu halimo ila linaeleza kila kitu. Jirani akataka kujua gavana huyo alikuwa Mzungu wa wapi.

"Mjerumani," Mama akasema. "Wa pale Bomani Biharamulo."