Fundi wa Kulehemu Baina ya Masisi na Walikale

Katika umri wangu wa kazi nimeitumikia sanaa ya kulehemu vyuma katika sehemu mbili za Kivu, Kongo, zilizo jirani kwa mipaka na mbalimbali kwa tabia: Masisi ya milima na malisho, ambako ng'ombe hulala katika ukungu na jibini hutengenezwa karibu kila penye zizi kubwa, na Walikale ya msitu na mito, ambako mvua hunyesha takriban mwaka mzima na chuma hushika kutu kabla rangi yake haijakauka sawasawa. Kila moja ilinidai mashine yake. Walikale ilinidai mashine ya fito, zile ambazo mafundi wa kwetu huziita bageti. Masisi ikanidai mashine ya tungsteni na hewa ya argoni, iitwayo TIG. Wapitao huona cheche wakadhani hiyo ndiyo kazi, ilhali nathubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya kazi huwa imekwisha kupatikana au kuharibika kabla ya cheche ya kwanza kuruka.

Ufundi niliupatia Goma, baada ya lava ya Nyiragongo kuteketeza sehemu kubwa ya mji mnamo Januari 2002, wakati ambapo kila aliyejaliwa kujenga upya alitafuta mlango na dirisha la chuma. Mwalimu wangu, mzee mwenye hadhari nyingi na maneno machache, hakuniruhusu kushika ufito ila baada ya miezi ya kufunga nyaya, kusugua kutu na kusikiliza mlio wa jenereta. Kila moto ulipokatika-katika alikuwa akiniambia, "Mwanangu, usiilaumu mashine, tazama kwanza ardhi yake." Na aghalabu ilikuwa hivyo: kibano cha ardhi kimeuma rangi badala ya chuma kitupu, au waya wake umelegea pale unapoingia mashineni, ukapata joto na kula nguvu ambayo ingeyeyusha chuma.

Nilikwenda Walikale katika miaka ile ambayo kasiteriti, yaani madini ya bati, ilikuwa ikitoka kwa wingi katika machimbo ya Bisie, na ndege zikitua juu ya barabara ya lami pale Kilambo, zikileta bidhaa na kurudi Goma na magunia ya mawe. Mashine yangu ilifika kwa njia hiyo hiyo, imebanwa baina ya chumvi na sabuni. Nikaweka karakana Mubi, nikawa natengeneza pampu za maji, matindo, fremu za pikipiki, na zaidi ya vyote malori, kwani barabara za msituni huvunja chesisi madhubuti kuliko zote.

Nieleze namna tulivyoliponya lori, kwa kuwa hapo ndipo ufundi wa fito hudhihirika. Lori likija na ufa katika chesisi, kwanza twakata nyaya za betri, ili mkondo wa kulehemu usipite penye vyombo vyake vya umeme. Kisha kibano cha ardhi chafungwa juu ya chesisi yenyewe, karibu na ufa, maana kikifungwa mbali mkondo waweza kupitia katika beringi na kuzitoboa vidoto vidoto. Ukomo wa ufa hutobolewa tundu dogo, usipate kuendelea mbele. Halafu ufa wenyewe huchimbwa kwa jiwe la kukatia hata uwe mfereji wenye mabega mawili, chuma king'are. Hapo ndipo huchukuliwa ufito wa milimita 3.2, mashine ikawekwa kwenye ampia 110 au 120, na mstari wa kwanza ukapitishwa chini kabisa ya mfereji. Mavi ya chuma hugongwa yote kwa nyundo na kupigwa brashi kabla ya mstari wa pili, kwa sababu yakifunikwa humo ndani ndiyo yatakayokuwa mlango wa ufa mwingine. Dereva husimama juu ya kichwa cha fundi akihimiza, na fundi hana budi kumvumilia bila kupunguza hata hatua moja.

Adui mkubwa wa Walikale ni unyevu. Mswede Oscar Kjellberg, aliyebuni ufito wenye ganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliupa ganda hilo ili lilinde chuma kilichoyeyuka na hewa; lakini ganda lililokunywa maji huleta hidrojeni ndani ya maungo, na maungo hayo hupasuka yenyewe baadaye, wala hakuna mtu aliyeyagusa. Fito za kawaida, zenye alama 6013, huvumilia kidogo. Nilizihifadhi katika sanduku la bati lililofungwa vizuri. Zile za 7018, ambazo ni za kazi nzito, hazina msamaha: hutumiwa mara pakiti inapofunguliwa, au hupikwa tena katika tanuri kwa joto lipitalo digrii 300. Asiyekuwa na tanuri ni heri asimwahidi mtu kazi ya 7018 msituni.

Mnamo Septemba 2010 serikali ilisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, ikaufungua tena Machi 2011. Katika muda ule kazi ilikauka Mubi, nami nikapanda Masisi.

Huko nilikuta jenereta yangu imepungukiwa. Injini ambayo msituni iliulisha moto bila taabu, mlimani ilikoroma na kuzimika, nikatambua kwamba kwa kila mita 1,000 za kupanda hupotea karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu, kwa wepesi wa hewa. Tangu hapo nimeshika kanuni ya kuchukua jenereta kubwa kuliko hesabu, kuiacha ikimbie mpaka itulie ndipo mashine iwashwe, na kuizima mashine kwanza kabla ya jenereta.

Watengenezaji wa jibini ndio walioniingiza katika TIG. Mtungi wa maziwa wa chuma kisichoshika kutu hauwezi kutiwa fito hovyo. Kidonda chochote cha ndani hukusanya maziwa, na maziwa yakichacha humo jibini la siku nzima huharibika. Kazi hii hupendeza moyo wangu kuliko zote. Milango hufungwa, maana upepo mdogo tu huipeperusha argoni. Mahali pa kulehemu pasuguliwe kwa brashi isiyopata kugusa chuma cha kawaida. Ncha ya tungsteni inolewe kwa urefu wake, si kwa kuizungusha, na bomba lishikwalo mkononi liunganishwe na upande hasi wa mashine, ili takriban theluthi mbili za joto ziende kwenye kazi. Ukiugeuza, ncha huyeyuka ikawa tone. Kwa bati la milimita 1.5 nimezoea ampia 45, na argoni lita 7 kwa dakika, na hewa hiyo hiyo huipitisha pia upande wa nyuma, usije ukaota magamba meusi. Maungo yakitoka na rangi ya dhahabu hafifu nashukuru. Yakiwa kijivu nayakata. Mtu akiniletea kopo la alumini namrudisha kwa adabu, kwani mashine yangu hutoa mkondo wa upande mmoja tu, na alumini hutaka mkondo unaogeuka-geuka ili uvunje utando wake.

Tungsteni hiyo, ambayo huyeyuka katika digrii 3,422, hutoka katika volframiti, na volframiti huchimbwa Kivu. Huondoka kwetu magunia kwa magunia, na hurudi vijiti vyembamba vinavyonunuliwa kimoja kimoja.

Mintarafu matunzo, neno langu ni vumbi. Mashine hizi nyepesi za siku hizi zina feni inayovuta hewa, na fundi akikata chuma karibu nayo, unga wa chuma huingia juu ya saketi na siku moja huziunguza. Mimi huiweka mbali na jiwe la kukatia, na kila mwezi, waya wa umeme ukiwa umechomolewa tangu jana yake, huifungua na kuipuliza kwa hewa kavu isiyo na nguvu nyingi. Huheshimu pia maandishi ya ubavuni mwake: iliyoandikwa asilimia 60 hufanya kazi dakika 6 katika kila 10, na 4 zilizosalia ni haki yake.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa shule za ufundi, Masisi na Walikale hali kadhalika, wasimpe kijana ufito siku ya kwanza ili kumfurahisha mzazi. Wampe brashi, tupa, kibano cha ardhi na sanduku kavu la fito, wamkague katika hayo muhula mzima, na chupa moja ya argoni iwekwe shuleni kwa ajili ya wale watakaofaulu.