Kichwa kilichouma kila asubuhi

Mwezi wa saba Njombe huwa na baridi ya kuingia kwenye mifupa. Katika nyumba moja huko, bibi, mkwe wake na wajukuu wawili walikuwa wakilala chumba kinachopakana na jiko, mlango wa katikati ukiwa wazi ili joto liwafikie. Jiko lenyewe ni la matofali, la kuni, na bomba lake la bati limetokezea juu ya paa. Baba wa watoto ni dereva wa lori, alikuwa safarini.

Aliyeanza ni mtoto mdogo. Aliamka akilia kichwa, akatapika chai. Kesho yake dada yake naye. Mama yao akawapeleka zahanati, wakapimwa malaria, haikuonekana. Kilichomshangaza ni kwamba baada ya mwendo wa karibu saa nzima kwenye ubaridi, watoto walifika wamechangamka, wanaomba maandazi. Muuguzi akauliza, "Mnalala na moto?"

"Hapana, jiko letu lina bomba."

Jibu hilo ndilo linaloponza watu. Wengi wanajua kwamba jiko la mkaa halilazwi chumbani. Jiko lenye bomba huaminiwa, na likishaaminiwa, madirisha hufungwa na nyufa huzibwa kwa matambara. Bomba likiziba, nyumba hiyo yenye joto zuri inaweza kuwa mbaya kuliko kibanda cha mafiga matatu chenye upenyo kila upande. Na si lazima moshi uonekane. Makaa mekundu hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 hivi. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, mtu anahisi usingizi. Akilala nao, huenda asiamke. Maziwa ambayo wengi hukimbilia kumnywesha mgonjwa hayaiondoi. Hutolewa nje haraka, kisha hospitali.

Kumwambia mama mkwe kwamba jiko lake lina kasoro si jambo dogo. Mkwe alisubiri hadi vyombo vikaoshwa. "Mama, muuguzi ameniagiza tutazame bomba. Naomba unisaidie, mimi silijui."

Bibi alikaa kimya. Kisha akainuka, akafungua kidirisha cha kutolea masizi, akaonyesha kwa kidole. Alikuwa na kipande cha gunia anachokisokomeza humo kila usiku moto ukishakuwa makaa, na kukitoa alfajiri kabla wengine hawajaamka. "Joto linatoroka, mwanangu. Nilikuwa nawaonea huruma watoto."

Gunia lilikuwa nusu tu ya tatizo. Asubuhi, jiko likiwa limepoa kabisa, kijana wa jirani alipanda juu na kamba, jiwe na fungu la majani makavu magumu, akalishusha na kulipandisha bombani. Masizi yaliyotoka yalijaza karai. Mengine yalikuwa yameganda na kung'aa kama lami. Hiyo hutokana na kuni mbichi: mvuke na moshi wake hupoa njiani, hunata kwenye kuta za bomba, njia inabanwa kidogo kidogo. Lami hiyo pia hushika moto. Bomba likianza kunguruma na kuwa jekundu, watu wote hutoka nje, mlango wa jiko ukifungwa ikiwezekana, na maji hayamwagwi humo.

Miwati waliyokuwa wakichoma ilikatwa wiki tatu tu zilizopita. Sasa imepasuliwa na kupangwa chini ya upenu, ikauke kwa miezi sita angalau. Kwa sasa wananunua kavu, ingawa bei inauma. Ufa kwenye maungio umezibwa kwa udongo. Majivu hutolewa kwa ndoo ya chuma yenye mfuniko, kwa sababu kaa moja lililojificha linaweza kuwa hai hata siku ya pili. Usiku mlango wa katikati unafungwa, dirisha la jikoni linaachwa wazi kidogo, na watoto wameongezewa blanketi.

Bibi alinung'unika juu ya dirisha siku mbili. Bomba analikagua mwenyewe kila mwezi, wala hataki kukumbushwa. Lile gunia liko mlangoni, watu wanafutia miguu.