Mkeka Niliourudisha

Imepokewa kwa Bibi Aisha (R.A.), katika Muwatta ya Imamu Malik na katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, habari ya nguo moja. Sahaba aliyeitwa Abu Jahm alimtunukia Mtume wetu (S.A.W.) nguo ya Sham iliyokuwa na mapambo. Mtume akasali nayo, jicho lake likayaangukia yale mapambo, na alipomaliza sala akaamrisha irudishwe kwa mwenyewe, kwa kuwa ilikaribia kumshughulisha na sala yake. Kila mwalimu wa chuo anaijua habari hii. Nami niliijua tangu ujana wangu, lakini niliijua nusu.

Mwaka 1984 nilikuwa kijana mwalimu huku kwetu Makote, katika uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Msikiti wetu ulikuwa wa udongo, na chini tulitandika majamvi ya miyaa ambayo hayakuwa na rangi ila ile ya vumbi la miguu yetu. Siku moja, kabla ya sala ya Ijumaa, akaja bibi mmoja wa mtaani kwetu, mjane, na mkeka ameuviringisha kichwani. Akasema, "Mwalimu, huu ni wa kibla. Usimame wewe juu yake." Ulipokunjuliwa, watu wakasema mashaallah. Ulikuwa mwekundu na zambarau na kijani, maua yameingia ndani ya maua.

Nataka msomaji wa pwani ajue mkeka kama ule una gharama gani kwetu. Ukindu hauoti uwandani. Hutoka bondeni, upande wa Ruvuma. Huanikwa, huchanwa nyuzi sawa kwa sawa, kisha huchemshwa katika rangi. Zamani weusi ulitoka katika mdaa, siku hizo ilikuwa rangi ya unga ya dukani. Na kuchemsha kunataka maji. Sisi wa uwandani maji ni tabu yetu ya asili. Kabla ya mradi wa mabomba wa miaka ya 1950, mama zetu waliteremka magenge hadi mabondeni na kupanda na mtungi mmoja, na hata baada ya mabomba, siku nyingi bomba lilikuwa kavu. Basi kila rangi ni chungu chake, na kila chungu ni ndoo iliyonyimwa jikoni. Baada ya hapo husukwa ukili, pima kumi na zaidi, upana wa shubiri au pungufu. Vipande hushonwa ukingo kwa ukingo, na ua lililoanza katika kipande hiki ni lazima likutane na nusu yake katika kipande cha jirani. Msukaji haandiki popote. Anahesabu kwa vidole: moja juu, mbili chini, mbili juu.

Nikautazama mkeka ule, na mbele ya safu nzima nikaisoma hadithi ya Abu Jahm. Nikasema mapambo yanaondoa khushuu, na kibla si mahali pa maua. Kwa fikihi sikukosea. Wanavyuoni wamesema yanayomshughulisha mwenye kusali ni makuruhu mbele yake, na mpaka leo rai yangu ni hiyo. Nikamwambia auchukue. Akauviringisha, akaurudisha kichwani, akaondoka bila neno. Nikapanda mimbari na moyo wangu umetulia kabisa, nikijiona nimetetea Sunna.

Miaka michache baadaye tuliletewa busati la mashine kutoka nje, sadaka ya watu wema. Lilikuwa na makuba, minara na taa zinazoning'inia, tena kwa rangi kali kuliko za yule bibi. Tulilitandika siku ile ile. Sikusoma hadithi yoyote.

Mwenyezi Mungu akanijaalia kuhiji mwaka 1429, yaani Disemba 2008. Nilikuwa nimeiona Kiswa katika picha tu, na katika picha ni nguo nyeusi yenye mkanda wa dhahabu. Jioni moja baada ya Alasiri nilikuwa nimeketi upande, sehemu ya chini ya Kiswa imepandishwa kama ilivyo desturi ya siku za hija. Jua lilikuwa limelala. Mara ule weusi mtupu ukaanza kusoma. Nikaona Laa ilaaha illa Llah, nikaona Muhammadur Rasuulu Llah, maandishi yamepangwa kama mabawa ya ndege, weusi juu ya weusi. Nikasogeza kichwa kidogo, yakapotea. Nikakirudisha, yakatokea. Hapana uzi wa rangi ya pili. Kilichoandika ni mwanga.

Nilirudi nyumbani na swali hilo, nikauliza na kusoma mpaka nikafahamu. Katika kitanda cha mfumi kuna nyuzi za mtande, zilizonyoshwa kwa urefu, na uzi wa mshindio unaokatiza. Mahali ambapo mtande unakaa juu, hariri inang'aa kwa namna moja. Mahali ambapo mshindio unakaa juu, inang'aa kwa namna nyingine, ingawa nyuzi ni za rangi moja. Fundi akitaka kivuli kinachofifia pole pole, haruki kutoka hali hii kwenda ile kwa ghafla. Hupunguza mtande kidogo kidogo, msitari hata msitari, mpaka ua lizame katika nguo kama jioni inavyozama. Kwa kazi hiyo zamani kitanda kilihitaji watu wawili. Kila uzi wa mtande ulipitishwa katika kijicho kilichofungwa kamba, na kamba hizo zikakusanywa mafungu mafungu. Mfumi aliketi chini na mshindio wake, na kijana mwingine, mara nyingi mtoto, akavuta fungu la kamba kwa kila msitari. Akikosea kamba moja, ua limeharibika. Nguo za namna hii Wazungu waliziita kwa jina la Damaski, mji mkuu wa hiyo hiyo Sham ilikotoka nguo ya Abu Jahm. Mwaka 1804 Mfaransa Jacquard, wa mji wa Lyon, alitengeneza mtambo wa kadi zenye matundu ukachukua kazi ya yule mtoto, na mitambo ya ukoo huo ndiyo inayofuma Kiswa leo huko Makka, ambako kiwanda chake kilianzishwa mwaka 1927. Siku hizo nilipohiji Kiswa kilikuwa kikibadilishwa siku ya Arafa. Tangu mwaka 2022 hubadilishwa mwezi mosi Muharram.

Lakini kilichonikosesha raha hakikuwa mitambo. Nilikuwa nikiwasomesha wanafunzi ile hadithi, nikafika mahali ambapo siku zote nilipita haraka. Mtume (S.A.W.) alipoirudisha ile nguo hakunyamaza hapo. Aliomba aletewe badala yake nguo nyingine ya Abu Jahm, ile nzito isiyo na pambo. Na wenye kuifasiri hadithi wamesema aliiomba ili moyo wa Abu Jahm usivunjike, asidhani kwamba zawadi yake imekataliwa kwa kudharauliwa. Nikafunga kitabu. Wanafunzi wakadhani naumwa.

Nilimwendea yule bibi mwaka 2009. Alikuwa ameketi barazani pa nyumba yake, macho yamefanya ukungu, na mjukuu wake anabangua korosho. Nikampa salamu, nikamwambia, "Bibi, nimekuja kutaka radhi kwa ule mkeka."

Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mwalimu, hukukosa. Mimi mwenyewe nililiona lile kosa nilipofika nyumbani."

Nikamwuliza kosa gani.

"Kipande cha nne. Ua halikukutana. Nilishona usiku, taa haina mafuta. Nikasema, huyu mwalimu ana jicho, ameliona mbele ya watu wote. Sijapeleka tena mkeka msikitini tangu siku hiyo."

Wallahi, mimi sikuona kosa lolote. Sikukiangalia kipande cha nne wala cha kwanza. Niliangalia rangi, na nikaangalia watu wanaoniangalia mimi. Miaka ishirini na mitano amekaa akiamini kwamba mkono wake ulifedheheka mbele ya kibla. Nikamweleza hadithi yote, nusu ya kwanza na nusu ya pili. Akasikiliza, akacheka kidogo, akauliza, "Basi leo umekuja kuomba nguo nzito?"

Nikasema ndiyo. Mkeka wa kibla, usio na rangi.

Akasema macho hayafai tena, lakini mjukuu atasuka naye atashika. Ulichukua muda wa kutoka mwisho wa korosho mpaka mavuno ya mihogo. Nilipita mara nyingi nikawakuta: msichana anasuka, bibi anapitisha kidole gumba juu ya ukili, na kila baada ya kitambo anasema, "Fumua." Alipofumua hakugombwa, na alipopatia hakusifiwa.

Ulipokwisha nikautandika. Mchana ni mkeka mweupe wa ukindu, huoni kitu. Lakini wakati wa Alasiri dirisha la magharibi hutupa mwanga wa ubavuni, na hapo ndipo unapoona kwamba bibi yule amegeuza mwelekeo wa miyaa kipande hata kipande. Iliyolala kwa urefu inang'aa, iliyokatiza inafifia, na kati yake kuna hatua za kivuli. Maua ni yale yale ya mwaka 1984. Nilimwuliza kwa nini ameyarudisha. Akasema hajui kusuka mengine, na kwamba mwenye kuinamisha macho mahali pa kusujudia hayamsumbui.

Akataka bei ya mkeka wa maua. Nikailipa.