Kicheko na Kitabu cha Mtoto

Tunapozihesabu hazina za utamaduni wetu, hutaja ngoma, mashairi, vinyago na methali. Kicheko cha mtoto aghalabu hatukitaji. Hata hivyo, wazee wetu wa Bonde la Kilombero hawakukipuuza. Msimulizi wa hadithi za jioni aliweza kueleza ulafi wa Fisi kwa sauti ya upole, kana kwamba anamsifu. Macho yake ndiyo yaliyosema kweli, na watoto waliomtazama usoni wakaangua kicheko.

Kitabu hakina uso. Ndiyo maana kitabu cha mtoto mdogo huhitaji picha, na hasa picha yenye mzaha: mchoraji hushika nafasi ya macho ya msimulizi. Maneno husema jambo moja, picha ikasema jingine, na mtoto hucheka kwa kuwa ameigundua tofauti hiyo mwenyewe. Ufundi wa kuoanisha beti na michoro ya kuchekesha ni wa zamani hata ng'ambo. Mjerumani Wilhelm Busch alichapisha kisa cha watundu wawili, Max und Moritz, mwaka 1865.

Sisi tulioanza shule mwishoni mwa miaka ya 1970, taifa lilipojitahidi kutimiza Elimu ya Msingi kwa Wote, tulisoma kwa kuitikia. Kitabu kimoja kilikuwa cha wengi, na aliyecheka darasani alihesabiwa kuwa mtovu wa adabu. Tulijua kusoma, na hilo nalishukuru. Lakini wengi wetu tulipoondoka shuleni tuliviacha vitabu huko huko, kwani hatukuwahi kuionja raha yake.

Siku moja mjini Ifakara nilimchorea picha mjukuu wa dada yangu, mtoto ambaye hajaanza shule, na ambaye nyumbani husema Kindamba zaidi kuliko Kiswahili. Nilichora dungu katikati ya shamba la mpunga, na chini yake nikaandika: "Babu anaamia ndege." Lakini juu ya dungu babu amelala fofofo, ndege wanakula mpunga, na mmoja wao amevaa kofia yake. Nikamsomea kwa sauti nzito, kama asomaye waraka wa ofisi. Akanitazama, akaitazama karatasi. "Babu, huyu haamii! Amelala!" Akacheka mpaka akakaa chini. Aliniomba nirudie mara nyingi, na kila mara alinisahihisha, tena kwa Kiswahili.

Naam, asiyejua herufi alimsahihisha mwenye kuzijua. Alikuwa ameyapima maneno kwa macho yake na kuyaona hayasemi kweli. Hiyo si michezo mitupu. Ni mwanzo wa kusoma kwa akili.

Yafaa tukumbuke, hata hivyo, kwamba kicheko kile kilitegemea dungu. Mtoto hucheka akiona kawaida imepinduliwa, na hawezi kuijua kawaida ya nchi asiyoiona. Sungura aliyevaa koti kwenye theluji hatamchekesha mtoto wa Mlimba au Mang'ula kama sheshe aliyekata tiketi ya treni ya TAZARA, au kiboko akaaye ndani ya mtumbwi na kumlaumu mvuvi kwamba upondo wake ni dhaifu.

Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, ulithibitisha kwamba waandishi, wachoraji na wachapishaji wetu wakiungwa mkono huweza kuwapa watoto vitabu vya Kiswahili vyenye picha. Wachoraji wa bonde letu nao wapewe kazi. Mwalimu naye asiliogope darasa linalocheka, na mzazi auzapo mpunga wake, baada ya kununua sare na daftari, abakize fedha ya kitabu kimoja cha kuchekesha, kisha akisome pamoja na mwanawe, na akubali kusahihishwa.