Dhahabu Nyekundu na Somo la Udogo

Wanachuo wanaokuja kwa mazoezi ya kufundisha katika shule za Geita na Kahama aghalabu hutuuliza swali moja: imekuwaje mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi akaenda kusomea shahada ya utafiti wa vitu visivyoonekana kwa macho, kisha akarudi Shinyanga kuwafundisha walimu wa watoto? Tumeona tulijibu kwa maandishi, kwa kuwa jibu lake lahusu kazi ya ufundishaji kuliko linavyotuhusu sisi wenyewe.

Kwanza mwanachuo afahamu udogo tunaousema. Nanomita moja ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa katika sehemu 1,000,000,000. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Sayansi hii huchunguza vitu vyenye ukubwa wa kati ya nanomita 1 na 100, wala haivichunguzi kwa sababu ya udogo tu. Kitu kikigawanywa mno hubadilika tabia. Twaa mchemraba wenye ubavu wa sentimita 1. Nyuso zake zote kwa jumla ni sentimita za mraba 6. Lau ungeweza kuukatakata uwe michemraba yenye ubavu wa nanomita 1, kisha ukazitandaza nyuso zote, ungepata mita za mraba 6,000, yaani karibu kiwanja kizima cha mpira wa miguu, ilhali hukuongeza hata chembe moja. Na kwa kuwa mambo mengi ya kemia hutendeka usoni mwa kitu, si ajabu kwamba kitu hicho hicho huanza kufanya mambo ambayo hakikuyafanya kilipokuwa bonge.

Mfano ulio karibu nasi ni dhahabu. Mtoto wa Geita anajua kuwa dhahabu ni ya manjano. Lakini ukichemsha maji yaliyoyeyushiwa chumvi ya dhahabu, ukatia chumvi itokanayo na asidi ya limau, umanjano hafifu wa maji hupotea, kisha huja weusiweusi, na baada ya dakika chache maji huwa mekundu kama juisi ya rozela. Wekundu ule ni dhahabu yenyewe, ikiwa katika chembe za nanomita 15 hivi. Michael Faraday aliyachunguza maji ya namna hii huko London mwaka 1857, naye alitambua kwamba rangi ile yatokana na udogo wa chembe. Ukitia chumvi ya mezani, chembe hugandamana na maji hugeuka ya buluu. Tulipoliona jambo hilo mara ya kwanza tulikaa kimya kitambo, maana tulikuwa tumefundisha miaka kadhaa kwamba rangi ya metali ni sifa yake ya kudumu, kama vitabu vilivyotuelekeza.

Zaidi ya hapo, dhahabu hii nyekundu haiko maabara tu. Katika vipimo vingi vya haraka vya malaria, mstari mwekundu anaouangalia muuguzi wa zahanati hutokana na chembe za dhahabu zilizofungamanishwa na protini zinazokitambua kimelea. Mama wa kijijini ambaye hajapata kuvaa hata kipuli cha dhahabu ameiona dhahabu mara nyingi, siku mwanawe alipokuwa na homa.

Sasa tuje kwenye masomo yenyewe. Shahada ya kwanza ya utafiti huitwa uzamili, na ya juu yake uzamivu. Neno hili la pili twalipenda, maana ndani yake mna kuzama, na watu wa kwetu wanajua maana ya kuteremka katika duara usiku na mchana kwa kufuata mshipa ambao huenda usiwepo. Utafiti ni hivyo hivyo. Mwanafunzi hapewi masomo kumi ya kukariri, bali hutakiwa kuwa na swali moja, tena swali ambalo msimamizi wake naye hana jibu lake. Jaribio moja hurudiwa mara thelathini, vyombo vikioshwa kwa asidi kila mara, na kila kipimo huandikwa daftarini siku ile ile, kipendeze kisipendeze. Tulingoja kemikali miezi mingi. Lugha ya kazi ilikuwa Kiingereza, nasi tukajiwekea desturi ya kuandika muhtasari wa kila wiki kwa Kiswahili. Jambo ambalo hatukuweza kulieleza kwa Kiswahili, aghalabu tuligundua kuwa hatujalielewa kwa Kiingereza pia.

Swali letu lilitoka nyumbani. Wachimbaji wadogo husaga mawe katika makarasha, hupitisha unga wake kwenye mialo, kisha huchanganya mchanga uliobaki na zebaki. Zebaki huipenda dhahabu. Huishika na kuacha mchanga. Bonge likipatikana huchomwa motoni, zebaki ikaenda na mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke huo huvutwa puani na huharibu mishipa ya fahamu na figo. Unaosalia huanguka juu ya udongo na vijito, na vijidudu vya majini huugeuza kuwa sumu kali zaidi inayopanda hadi kwenye samaki. Ugonjwa wa Minamata, uliotambuliwa Japani mwaka 1956, ulitokana na samaki wa namna hiyo, na mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki uliokubaliwa mwaka 2013 ukapewa jina la mji huo. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Hata hivyo watoto wa shule huonekana mialoni mchana wa masomo, wengine wakiikanda zebaki kwa viganja vitupu.

Tukajiuliza: ikiwa zebaki huipenda dhahabu hata mchimbaji akaitumia kuikamata, je, haiwezekani kuigeuza kazi hiyo, dhahabu ikaikamata zebaki? Wapo watafiti katika nchi mbalimbali walioonyesha kuwa chembe nyekundu za dhahabu, zikitayarishwa ipasavyo, hubadili rangi zebaki inapokuwamo majini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 6 za zebaki isiyo ya kikaboni katika lita moja ya maji ya kunywa. Hakuna jicho wala ulimi uwezao kuhisi kiasi hicho.

Baba yetu mdogo, mchimbaji wa siku nyingi, alisikiliza maelezo haya mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, hiyo nyekundu yako gramu moja unauza shilingi ngapi?" Tukamwambia haiuzwi. "Sasa unaichimba ya nini?"

Matokeo yetu tuyaseme kama yalivyo. Katika maji safi ya maabara rangi ilibadilika kama tulivyotarajia. Katika maji ya kijito, yenye tope na chumvi za kila namna, rangi ilibadilika hata pale ambapo zebaki haikuwamo. Shahada hutolewa kwa kuonyesha hayo kwa uthabiti, na mwingine ataanzia hapo. Wapo waliofika mbali zaidi. Dakta Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali katika Karatu, alipata uzamivu wake Korea Kusini, akafundisha katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela huko Arusha. Chujio lake la maji, linalounganisha mchanga na vitu vya kiwango cha nano, lilimpatia mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi itolewayo na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Watoto wa sehemu za Arusha na Shinyanga, ambao meno yao yamekuwa ya kahawia kwa floraidi ya visimani, wanaweza kumwelewa mtu huyu bila maelezo marefu.

Mwanachuo atakayefundisha huku azingatie jambo moja la usalama: zebaki isiletwe darasani kuwa zana ya kufundishia, hata kama mwanafunzi amekuja nayo mfukoni na wenzake wanaililia. Udogo wafundishwe kwa karatasi. Kila kikundi kipewe ukanda wenye urefu wa sentimita 28 na mkasi. Wakate katikati, watupe nusu moja, nusu iliyobaki waikate tena, wakihesabu kwa sauti. Mara ya nane hubaki kipande cha milimita 1 hivi, na mkasi hushindwa. Hapo mwalimu awaambie kwamba ili wafike nanomita 1 walipaswa kukata mara 28.

Tulipolifundisha somo hili katika Darasa la Sita la shule moja ya Geita, msichana aliyekuwa dirishani alinyanyua mkono akauliza, "Mwalimu, hizo ishirini zilizobaki anakata nani?" Tuliliandika swali lake ubaoni, tukaomba lisifutwe mpaka kipindi kilichofuata.