Niliacha tembe, nikategemea manjano

NILIANGUKA jikoni Jumatano asubuhi, mwiko ukiwa mkononi. Uji wa wimbi ulikuwa ukichemka, na mwanangu wa miaka sita alikuwa mezani na sare zake za shule. Ni yeye aliyekimbia kumwita jirani. Nilisikia sauti yake kwa mbali, lakini sikuwa na nguvu hata za kuinua kichwa.

Msomaji mpendwa, kisa hiki si cha kumlaumu mtu. Aliyeniangusha ni mimi mwenyewe.

Mwaka wa 2021 nilipatikana na baridi yabisi, ile aina ambayo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo badala ya kuvilinda. Kila nilipoamka, vidole vilikuwa vimevimba na kukakamaa. Kumfunga mtoto vifungo vya shati kulinitoa machozi. Nami riziki yangu ni kuandika!

Daktari alinipa dawa ya kuudhibiti ugonjwa wenyewe, ambayo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake. Ili nisiteseke nikingoja, akaniongezea prednisoloni, mojawapo ya dawa za steroidi. Dawa za jamii hii zilianza kujaribiwa kwa wagonjwa wa baridi yabisi huko Marekani mwaka wa 1948, na Philip Hench na wenzake wawili wakatuzwa Nobeli mwaka wa 1950 kwa utafiti wao. Nilielewa sababu. Baada ya siku chache tu, nilikuwa nikikamua nguo.

Lakini hakuna kizuri kisicho na ila. Nililala na njaa, nikaamka na njaa. Uso ulivimba ukawa wa duara kama mwezi. Kazini waliniambia, “Siku hizi umenona!” Hawakujua kwamba tembe hizo huzuia maji na chumvi mwilini, hupandisha sukari katika damu, na zikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa.

Mshauri wa lishe kliniki ndiye aliyenifungua macho. Soda, mandazi na chipsi zikahama nyumbani kwetu. Chumvi nikaipunguza, na vile viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi nikaviacha. Jumamosi nilienda Gikomba kununua omena kwa gorogoro. Omena huliwa mzima na mifupa yake, hivyo humpa mtu madini ya kalsiamu, na mafuta ya samaki husaidia kiasi kupunguza maumivu ya viungo. Juu yake niliweka sukuma wiki, maharagwe, ndizi na maziwa yasiyotiwa sukari. Sikuwa na uwezo wa kupika sufuria mbili, kwa hivyo tulikula sote.

“Mama Brian, hata leo ni omena?” mume wangu aliuliza jioni moja, akicheka.

Miezi ikapita. Nilihisi mwepesi, na uchungu ukapungua. Hapo ndipo shangazi yangu alipokuja kutoka mashambani na mfuko wa manjano na tangawizi. “Mwanangu,” akasema kwa huruma, “hizo tembe zitakumaliza. Chakula ndicho dawa.” Nami, kwa kuuchoka uso wangu kwenye kioo, nilisikia nilichotaka kusikia. Jumapili hiyo niliacha prednisoloni. Sikumwambia daktari wala mume wangu.

Siku ya nne ndiyo ile ya jikoni.

Hospitalini waliniwekea maji na kunidunga steroidi mshipani. Nilipopata fahamu vizuri, daktari alinieleza bila kunigombeza. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza kotisoli, homoni ya kuupa mwili nguvu na kudumisha shinikizo la damu. Ukimeza steroidi kwa miezi, tezi hizo hulala kwa kuwa kazi yao inafanywa na tembe. Ukiacha ghafla, haziamki siku hiyo. Mtu hulegea, hutapika, shinikizo la damu hushuka, na anaweza kufa. “Ni kama mtoto aliyebebwa mgongoni mwaka mzima,” akasema, “halafu umtue barabarani umwambie akimbie.”

Shangazi alikuja kunitazama, akalia. Nilimshika mkono. Chakula chake hakikuwa na kosa. Kosa langu lilikuwa kukifanya kishike kazi isiyo yake.

Tangu wakati huo daktari amekuwa akinipunguzia dozi hatua kwa hatua, na mwendo huo umechukua miezi. Omena bado wako jikoni, na manjano bado hutiwa mchuzini. Kila ninachoongeza, namwambia daktari kwanza. Mkobani nina kadi inayosema kwamba natumia steroidi, iwapo nitaanguka mahali nisipojulikana.

Kwa hivyo wewe unayezimeza tembe hizi, na uso wako umekuchosha kama wangu ulivyonichosha, kula vizuri na usione haya kumwambia daktari kwamba unataka kupunguziwa. Lakini usiziache peke yako.

Siku hizi mwanangu hanywi uji wake kabla ya kuniuliza, “Mama, umemeza?”

Namwonyesha ulimi, anacheka, tunakunywa.